Namna samaki wa maziwa yetu wanavyozaa, na sababu wavu mmoja unaweza kumaliza kizazi kizima

Mvuvi wa ziwa Edouard anapotoa tilapia kwenye wavu, mara nyingine anaona jambo la kushangaza. Samaki anafungua kinywa, na vitoto vidogo sana vinamwagika ndani ya mtumbwi kama punje za mchele. Asiyejua anafikiri samaki huyo alikuwa anakula watoto wa wenzake. Sivyo. Ni mama. Vitoto vile ni vyake, na alikuwa anavilea ndani ya kinywa, hali yeye mwenyewe amefunga kula.

Samaki huyo mmoja akiingia kwenye sufuria, familia inapata mlo wa jioni. Lakini pamoja naye wamekufa mamia ya samaki ambao wangefika sokoni mwaka unaofuata. Hesabu hiyo ndiyo inayosumbua leo vituo vya uvuvi kutoka Vitshumbi na Kyavinyonge hadi Uvira, Baraka, Kalemie na Moba. Wavuvi wanarudi asubuhi na samaki wachache na wadogo, wamama wauzaji wanapandisha bei, na serikali inazungumzia kufunga ziwa. Wengi wanauliza: ziwa ni kubwa namna hii, samaki wanaenda wapi?

Sehemu ya jibu iko katika jambo ambalo wengi wetu hatukufundishwa shuleni: samaki hawazai wote kwa njia moja. Kuna anayetaga mayai na kuondoka bila kugeuka nyuma. Kuna anayechimba kiota na kukilinda mchana na usiku. Kuna anayebeba watoto kinywani, na kuna hata anayewatupia wengine mzigo wa kulea. Ukijua kila mmoja anazaa namna gani, unaelewa pia wavu gani unamuumiza, na wakati gani.

Ndagala: mayai yanayoshindana na kina

Tuanze na samaki anayejulikana katika kila nyumba, ndagala, ambaye wengine humwita ndakala. Katika ziwa Tanganyika kuna aina mbili za ndagala. Ya kwanza, Stolothrissa, ni ndogo na huishi katikati ya ziwa kwa makundi makubwa sana. Ya pili, Limnothrissa, ni kubwa kidogo na hupenda zaidi kukaribia pwani.

Ndagala wa katikati ya ziwa hawana kiota. Jike anaachia mayai katika maji wazi, dume anaachia mbegu zake, na kazi ya wazazi imekwisha. Mayai yanaanza kuzama polepole. Hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1470, lakini hewa ya oksijeni inapatikana katika maji ya juu tu, mita 100 hivi upande wa kaskazini, na zaidi ya hapo upande wa kusini. Chini ya hapo hakuna samaki anayeweza kupumua. Kwa hiyo yai la ndagala linatotoa upesi, kwa muda wa siku moja au zaidi kidogo, na kitoto kinaanza kupanda juu kabla ya kufika kwenye maji yasiyo na uhai.

Aina ya pili inataga karibu na pwani, na vitoto vyake vinakulia katika maji ya kina kidogo, hasa penye mchanga. Ndiyo maana wavu wa macho madogo unaokokotwa hadi pwani, au chandarua ya mbu iliyogeuzwa kuwa wavu, unaleta hasara kubwa kuliko inavyoonekana. Ndoo moja ya vitoto visivyo na ladha wala nyama ilikuwa iwe magunia ya ndagala miezi michache baadaye.

Ndagala wa katikati ya ziwa huishi mwaka mmoja tu au zaidi kidogo. Hii ni habari mbaya na nzuri. Ni mbaya kwa sababu hakuna akiba ya wazee: wakivuliwa wote kabla ya kutaga, mwaka unaofuata ziwa linakuwa tupu. Ni nzuri kwa sababu wakiachwa kidogo wanarudi kwa haraka. Katika samaki wote wa ziwa, ndagala ndio wanaolipa upesi mtu aliyevumilia.

Wakaaji wa Goma na Bukavu wanamjua ndugu yake kwa jina la sambaza. Samaki huyo hakuwa wa ziwa Kivu. Alitolewa ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950 na kupandwa Kivu, mahali ambapo hapakuwa na samaki wa kuishi katikati ya ziwa. Ni Limnothrissa, yule wa pwani, aliyeshika mizizi huko. Kwa hiyo kanuni ni ile ile: ghuba na fukwe za Kivu ndizo kitanda cha watoto wa sambaza. Anayevua humo kwa chandarua anavua sambaza ya miezi inayokuja.

Mukeke na sangala: wakubwa wanaochelewa

Mukeke na ndugu zake wakubwa, sangala, ambao wengine huwaita kapitene, ndio wanaokula ndagala. Nao hawajengi kiota. Mayai yao ni madogo na mengi sana, na yanaelea majini. Mama anategemea wingi: kati ya maelfu na maelfu ya mayai, wachache watapona na kukua.

Lakini kuna tofauti kubwa na ndagala. Mukeke anahitaji miaka, si miezi, kabla ya kuanza kuzaa. Mukeke mdogo anayeuzwa kwa fungu sokoni mara nyingi hajawahi kutaga hata mara moja. Sangala wakubwa wana udhaifu mwingine: vitoto vyao vikishatoka kwenye maji wazi hukimbilia majani yanayoota majini karibu na pwani, vijifiche humo mpaka viwe na nguvu. Majani hayo yakikokotwa na nyavu au yakifunikwa na matope, sangala anapoteza nyumba ya watoto, hata kama hakuna mtu aliyemvua yeye mwenyewe.

Watu wa Uvira wanajua matope hayo yanatoka wapi. Milima iliyo juu ya mji imepoteza miti mingi, na mvua kubwa ikinyesha mito inashuka na udongo mwekundu hadi ziwani. Mafuriko ya Aprili 2020 yaliharibu nyumba na kuua watu. Ziwani, udongo kama huo hujaza nafasi kati ya mawe na kufunika mahali samaki wanapotaga.

Wazazi wanaolinda: kuhe na mashimo ya mchanga

Ziwa Tanganyika lina zaidi ya aina 200 za samaki wa jamii ya tilapia, ambayo wataalamu huiita sikilidi. Karibu wote hawapatikani mahali pengine duniani. Jamii hii haitegemei wingi wa mayai. Inategemea ulinzi.

Mkubwa wao ni kuhe, anayeweza kupita sentimita 70. Dume na jike wanaungana, wanataga maelfu ya mayai, kisha wote wawili wanakaa hapo kuyalinda. Vitoto vikitotoka vinaogelea kama wingu kati ya baba na mama, na wazazi wanafukuza kila anayekaribia. Kwa muda huo wote hawali karibu kitu chochote, na wanakonda sana. Watafiti waliomfuata samaki huyu wanaona kwamba huzaa mara moja tu katika maisha yake.

Fikiria sasa mvuvi anayewaona kuhe wawili wakubwa, wametulia mahali pamoja, hawakimbii. Ni rahisi sana kuwavua. Lakini wanatulia hapo kwa sababu wana watoto. Wakiondolewa, samaki wengine wanalimaliza kundi lile la vitoto kwa muda mfupi.

Wengine katika jamii hii wanachimba. Madume ya aina fulani hujenga kilima cha mchanga chenye shimo juu, mfano wa bakuli, na kila mmoja anatengeneza lake kwa kubeba mchanga kinywani, punje kwa punje. Majike hupita wakitazama. Anayependezwa anataga humo, anachukua mayai yake kinywani na kuondoka. Bakuli lile si nyumba ya watoto; ni uwanja wa kumvutia mke.

Kinywa kuwa tumbo la uzazi

Tilapia wa ziwa Edouard, ambaye ndiye pia anayefugwa katika mabwawa mengi ya Kongo, anafanya hivi. Dume anachimba shimo katika mchanga, kwenye maji ya kina kidogo. Jike anakuja, anataga mayai, dume anayatia mbegu, na mara moja jike anayakusanya yote kinywani. Kuanzia hapo dume hana kazi tena. Anangoja jike mwingine. Mama anakaa karibu wiki mbili na mzigo wake, akigeuza mayai polepole ili yapate hewa. Hata vitoto vikishaanza kuogelea, hatari ikitokea vinakimbia na kurudi kinywani.

Ubaya wa mpango huu ni kwamba kinywa kina nafasi ndogo. Tilapia jike anabeba mamia ya mayai, au zaidi kidogo ya elfu akiwa mkubwa, wakati samaki anayeachia mayai majini anayahesabu kwa makumi na mamia ya maelfu. Katika ziwa Tanganyika kuna samaki wa mawe, Tropheus, ambaye jike wake hubeba mayai machache sana, mara nyingi hayafiki 20. Lakini kila yai ni kubwa, na mama anavitunza vitoto kwa mwezi mzima. Anapokula kidogo wakati huo, si kwa ajili yake: chakula kinabaki kinywani ili watoto wale. Kuna wengine ambao baba na mama wanapokezana: mama anabeba siku za kwanza, kisha anamtemea baba mzigo, naye anamaliza.

Samaki wa namna hii wakivuliwa sana hawarudi upesi kama ndagala. Mama mmoja aliyekufa si mayai yaliyopotea tu. Ni watoto waliokuwa tayari wameshinda hatari za kwanza.

Nyumba ya konokono, na mgeni mwenye hila

Kuna mahali katika ziwa Tanganyika ambapo sakafu imejaa maganda ya konokono waliokufa. Kwetu ni takataka. Kwa samaki mmoja mdogo, Lamprologus callipterus, ni mali. Dume anakusanya maganda kwa kinywa, anayaweka pamoja, na hata kuyaiba kwa jirani. Jike ni mdogo sana. Dume anaweza kuwa na uzito wa majike 12. Jike anaingia ndani ya ganda, anataga humo, na anakaa na mayai mpaka vitoto viwe tayari kutoka, huku dume akilinda rundo lote mlangoni. Lakini kuna madume wengine, wadogo kupita hata jike. Hao wanapenya hadi ndani ya ganda na kutia mbegu zao humo, wakati mwenye nyumba yuko nje analinda.

Hila kubwa zaidi ni ya samaki mmoja wa jamii ya wale wenye ndevu na miiba, Synodontis multipunctatus, mweupe mwenye madoa meusi. Yeye halei kabisa. Anawavizia sikilidi wanapotaga, anaingia kati yao kwa fujo na kuangusha mayai yake hapo hapo. Mama sikilidi, katika haraka ya kukusanya yaliyo yake, anachukua na ya mgeni. Mayai ya mgeni yanatotoa kwanza. Vitoto vyake, ndani ya kinywa cha mama asiye wao, vinaanza kula watoto wa mwenye nyumba. Mtafiti Mjapani Tetsu Sato ndiye aliyetangaza jambo hili kwa ulimwengu mwaka 1986, baada ya kazi yake katika ziwa hilo. Ndege wanaotaga katika viota vya wenzao walijulikana tangu zamani. Samaki wa namna hiyo alipatikana hapa kwetu.

Wanaongoja mvua

Kundi lingine haliangalii mchanga wala mawe. Linasikiliza mvua. Kambale, ambaye wasemaji wa Kilingala humwita ngolo, anangoja mito ifurike. Maji yanapoingia katika nyasi na vinamasi, kama vile vya mdomo wa mto Ruzizi, kambale wanapanda usiku na kutaga makumi ya maelfu ya mayai yanayoshika kwenye majani. Kisha wanaondoka. Mayai yanatotoa baada ya siku moja au mbili, na vitoto vinakula na kukua katika maji yale ya muda kabla hayajakauka.

Kamongo, au nzombo, naye anazaa katika vinamasi, lakini anakaa. Dume anachimba shimo kati ya mimea na kulinda mayai na vitoto kwa wiki kadhaa. Anang'ata, na wavuvi wanaomkanyaga wakati huo wanalijua hilo kwa miguu yao.

Wanaongoja mvua wana hatari yao ya pekee: wanapita njia moja, kwa wakati mmoja, na kila mtu anaijua njia hiyo. Watu wa Kasenga na Pweto wanalo fundisho la historia. Katika ziwa Moero na mto Luapula palikuwa na samaki aitwaye mpumbu. Kila msimu wa mvua makundi makubwa yalipanda mto kwenda kutaga. Katika miaka ya ukoloni samaki huyo alikuwa biashara kubwa, na alipelekwa kulisha wafanyakazi wa migodi ya Katanga. Nyavu ziliwekwa kwenye njia yake wakati wa kupanda, majike wakiwa wamejaa mayai. Mwishoni mwa miaka ya 1940 uvuvi huo ulianguka. Haukurudi tena kama ulivyokuwa. Ziwa lilibaki, mto ulibaki, mvua iliendelea kunyesha. Waliokosekana ni wale waliopaswa kutaga.

Je, kufunga ziwa miezi mitatu kunatosha?

Nchi nne zinazogawana ziwa Tanganyika, yaani Kongo, Tanzania, Burundi na Zambia, zilitia sahihi mkataba wa kulitunza pamoja mwaka 2003. Baadaye zilikubaliana kusimamisha uvuvi kwa miezi mitatu kila mwaka, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Kongo ndiyo yenye sehemu kubwa kuliko wote, karibu asilimia 45 ya maji. Kwa mvuvi anayekula kwa kilichopatikana usiku, miezi mitatu ni mirefu. Kuna karo ya watoto, kuna deni la injini, kuna mama wa soko ambaye mtaji wake ni beseni moja la ndagala. Si haki kumwambia mtu kama huyo avumilie bila kumweleza kwa nini, na bila kufikiri atakula nini.

Lakini tukitazama namna samaki wanavyozaa, tunaona pia kwamba kufunga peke yake hakutatui yote. Kunawasaidia ndagala, kwa sababu wanaishi muda mfupi na wanajaza ziwa haraka. Mukeke anahitaji zaidi ya hapo: wavu wa macho mapana, ili wadogo wapite na kuzaa angalau mara moja. Kuhe na tilapia wanahitaji mahali, si tarehe tu. Zile sehemu za pwani na vinamasi wanapotagia zikilindwa mwaka mzima, zinajaza maji ya jirani. Katika ziwa Edouard, ambalo sehemu yake ya Kongo iko ndani ya hifadhi ya Virunga, sehemu za kuzalia samaki ni marufuku kuvuliwa, na wavuvi wazee wanajua vizuri kwamba wanaoingia humo kwa siri ndio wanaowamalizia wengine. Kambale na mpumbu wanahitaji mdomo wa mto ulio wazi wakati wa mvua. Na wote kwa pamoja wanahitaji mlima wenye miti, ili matope yasifunike mayai.

Mambo mengine hayangoji serikali. Tilapia aliyeingia kwenye wavu kinywa kimejaa anaweza kurudishwa majini pamoja na watoto wake kabla hajavitema. Kuhe wawili walio na wingu la vitoto wanaweza kuachwa wiki chache. Chandarua ya mbu inaweza kubaki kitandani, ambako inaokoa watoto wetu wenyewe.

Kwa wenye mabwawa

Elimu hii inamfaa pia mfugaji. Wengi wanapanda tilapia, na baada ya miezi kadhaa wanashangaa kukuta bwawa limejaa samaki wa ukubwa wa kidole. Kosa si chakula peke yake. Tilapia anaanza kuzaa akiwa bado mdogo, katika miezi yake ya kwanza, na ndani ya bwawa hakuna adui wa kupunguza vitoto. Wanagawana chakula, hakuna anayekua. Ndiyo sababu wafugaji wengine wanachagua madume tu, au wanaweka kambale wachache wa kula vitoto.

Kambale ana tatizo la kinyume: bwawani ananenepa, anajaa mayai, lakini hatagi, kwa sababu hasikii mafuriko. Anayetaka vitoto vyake anamdunga jike dawa inayotolewa kwenye tezi ndogo iliyo kichwani mwa kambale mwingine, kisha anakamua mayai kwa mkono. Mwili wa samaki unadanganywa kwamba mvua imefika.

Kesho asubuhi, mbele ya beseni sokoni, tazama samaki kabla ya kulipa. Ukikuta mukeke mdogo kuliko kiganja, au tilapia ambaye tumbo limejaa mayai ya rangi ya njano, umeona kwa macho yako kwa nini beseni la mwaka ujao linaweza kuwa dogo zaidi. Muuzaji anajua, mvuvi anajua. Mnunuzi naye akijua, na akakataa vitoto, wavu wa macho madogo utapoteza soko lake.